Sura ya Sita: Kutoka Hekaluni Hadi Kwenye Tangazo la Kazi

Tangazo la kazi linataka elimu ya kidato cha nne na kuendelea, uzoefu wa mwaka mmoja, na ujuzi wa kompyuta. Chini kabisa kuna sharti lisilo na cheti: mwombaji awe na "enthusiasm". Kijana anayelisoma anamuuliza mwenzake, anaambiwa ni furaha. Anamuuliza mwalimu wake wa zamani, anaambiwa ni bidii. Kamusi ya simu inampa shauku. Majibu yote matatu yana ukweli ndani yake, ila hakuna hata moja linalomwambia aandike nini kwenye barua ya maombi.

Basi enthusiasm ni nini hasa?

Tuanze na jibu fupi. Enthusiasm ni hamu yenye furaha, inayoelekea kwenye jambo maalumu, na inayoonekana kwa wengine. Ikikosekana sehemu moja, neno halikai sawa. Hamu isiyo na furaha ni uchu. Furaha isiyoelekea popote ni uchangamfu tu wa mtu na tabia yake. Na hamu iliyofungiwa moyoni, hata iwe kubwa namna gani, Mwingereza hataiita enthusiasm, maana hajaiona usoni, hajaisikia sautini, wala hajaikuta mikononi mwa mtu akifanya kazi.

Jibu hilo linatosha kwa mtihani wa darasani. Halitoshi kueleza kwa nini neno hilo lina joto kiasi hicho, wala kwa nini mchungaji wa London mwaka 1740 angekasirika kuambiwa analo. Zamani lilikuwa neno la hekaluni. Baadaye likawa tusi. Leo waajiri wanalitafuta. Anayeijua safari hiyo hulitumia neno bila kubahatisha.

Mungu ndani ya mtu

Neno ni la Kigiriki. "En" ni ndani, na "theos" ni mungu. Mtu aliyekuwa "entheos" alikuwa na mungu ndani yake, na Wagiriki wa kale hawakusema hivyo kwa mafumbo. Huko Delphi, katika hekalu la mungu Apollo, kulikuwa na kuhani wa kike aliyeitwa Pythia. Watu walisafiri kutoka mbali kwenda kumuuliza habari za vita, ndoa na safari. Aliponena, waumini walisadiki kwamba mnenaji ni Apollo. Sauti tu ndiyo iliyokuwa ya mwanamke.

Mwanafalsafa Plato, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alilipeleka wazo hilo kwenye ushairi. Kitabu chake kifupi kiitwacho Ion kina mazungumzo kati ya mwalimu wake Socrates na mghani, yaani mtu anayezunguka akighani tenzi za mshairi Homer mbele ya umati. Socrates anamwambia mghani huyo kwamba watu wanaolia wakimsikiliza hawalizwi na ufundi wake. Ni nguvu ya kimungu, inayofanya kazi kama sumaku: sumaku huvuta pete ya chuma, pete hiyo ikavuta ya pili, na ya pili ikavuta ya tatu. Mungu amemshika mshairi, mshairi amemshika mghani, mghani ameushika umati.

Ndani ya mfano huo kuna mambo mawili ambayo neno halijawahi kuyatupa tangu wakati huo. Kwanza, enthusiasm huambukiza. Pili, mwenye nayo hajimiliki kikamilifu. Kuna kitu kimemshika. Jambo la kwanza ndilo lililowafanya watu walipende neno. La pili ndilo lililowafanya waliogope.

Tena si neno la peke yake. Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya msisimko yaliyoanzia ibadani:

- "Inspired" limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kupuliza. Mtu huyo amepuliziwa pumzi isiyo yake.
- "Fanatic" limetokana na "fanum", neno la Kilatini la hekalu. Shabiki wa mpira anayeitwa "fan" kwa Kiingereza amebeba kifupisho chake.
- "Giddy" leo ni mtu mwenye kizunguzungu cha furaha. Katika Kiingereza cha kale alikuwa mwenye wazimu, aliyeingiwa na kitu, na mzizi wa neno hilo unahusishwa na neno "god", mungu.

Pepo, mzuka na mdadi

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa lugha yake imepita njia hiyohiyo.

Bao likifungwa dakika za nyongeza, gazeti la michezo linaandika kwamba mashabiki walipagawa. Kupagawa kwa asili ni kuingiwa na pepo. Katika ngoma za pepo za pwani, mtu aliyeingiwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo humpanda na kumkalia, na akishapanda, anayesema ni pepo. Pythia wa Delphi angeielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Kijana wa mtaani anasema ana mzuka wa kwenda kwenye tamasha. Mzuka wa babu yake ulikuwa kiumbe cha ajabu kinachomtokea mtu njiani usiku. Mcheza ngoma aliyepandwa na mdadi hasikii anayemwambia apumzike. Atacheza mpaka mwenye ngoma achoke.

Jazba nayo ina historia ndefu. Neno la Kiarabu ilikotoka lina maana ya mvuto. Kwa Masufi, yaani Waislamu wanaomtafuta Mwenyezi Mungu kwa dhikri na kuitakasa nafsi, ni hali ya mja kuvutwa na Mola wake hadi ajisahau. Leo ukisikia kwamba mbunge alipandwa na jazba, unajua amefoka au amegonga meza. Neno limetoka kwenye ibada likaangukia kwenye hasira.

Sasa tazama kitenzi kinachoyaunganisha maneno hayo. Mori hupanda. Munkari hupanda. Jazba, mdadi na mzuka, vyote hupanda, na mtu hupandwa. Sarufi yenyewe inakiri kwamba aliyesisimka ni mtendwa. Ari inakwenda njia nyingine: mtu ana ari, hutiwa ari, huvunjwa ari, lakini ari haimpandi kichwani. Tofauti hiyo ndogo itatusaidia mbele, tutakapotafuta neno la kuweka kwenye tafsiri.

*Kwa ufupi:* Kiingereza na Kiswahili vyote vimeufananisha msisimko na kuingiwa na nguvu kutoka nje ya mtu. Swali lililobaki ni kama nguvu hiyo ni ya kuaminiwa.

Karne ya kuogopwa

Uingereza ililijibu swali hilo kwa hofu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka 1642, na Januari 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Katika vurugu hizo madhehebu mapya yalichipuka kila upande. Seremala na mshona viatu walisimama kuhubiri, kila mmoja akidai Mungu amesema naye moja kwa moja, bila askofu na bila chuo.

Oktoba 1656, mhubiri James Nayler aliingia mji wa Bristol akiwa amepanda farasi, wafuasi wake wakimwongoza na kuimba, mfano wa Yesu alivyoingia Yerusalemu. Alikuwa wa dhehebu la Quaker, linaloamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu. Bunge lenyewe lilimhukumu. Alichapwa viboko, ulimi wake ukatobolewa kwa chuma cha moto, na paji la uso likachomwa herufi B, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la mkufuru.

Kwa watu wenye mali na vyeo, watu wa namna ya Nayler walikuwa na jina moja: wenye enthusiasm. Maana ya neno ikawa hii: kudanganyika kwamba Mungu ameingia ndani yako. Mwanazuoni Meric Casaubon, mwaka 1655, alikuwa amekwisha kutoa kitabu kizima kinachoeleza kwamba mengi yanayodhaniwa kuwa sauti ya Mungu, au ya shetani, hutokana na maumbile ya mwili tu.

Aliyeligusa jambo hilo kwa makini zaidi ni mwanafalsafa John Locke. Mwaka 1700, alipotoa chapa ya nne ya kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya mwanadamu, aliongeza sura mpya yenye kichwa cha neno hili. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Muulize mtu wa aina hiyo anajuaje kwamba ujumbe wake umetoka kwa Mungu. Atasema anajua kwa sababu anauamini kwa nguvu zote. Muulize kwa nini anauamini kwa nguvu hivyo. Atasema ni kwa sababu umetoka kwa Mungu. Anazunguka palepale. Nguvu ya kuamini, anasema Locke, haiwezi kuwa ushahidi wa kile kinachoaminiwa.

London ilipata nafasi ya kuliona hilo kwa macho. Manabii wa Kiprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walikuwa wamepata wafuasi mjini, na mmoja wa wafuasi hao, Thomas Emes, alifariki Desemba 1707. Manabii wakatangaza kwamba angefufuka tarehe 25 Mei 1708. Siku ilipofika umati ulikusanyika kwenye makaburi ya Bunhill Fields. Emes hakufufuka. Mwaka huohuo mwandishi Shaftesbury alichapisha barua kuhusu enthusiasm, akishauri kwamba watu wa aina hiyo wasifungwe wala wasichomwe moto. Dawa yao, kwa maoni yake, ni kicheko.

Halafu wakaja Wamethodisti. Aprili 1739 kiongozi wao, John Wesley, alianza kuhubiri nje, uwanjani, karibu na Bristol, kwa wachimba makaa ya mawe na maskini wengine waliokuwa mbali na makanisa. Wasikilizaji walilia, wengine wakaanguka chini. Mashambulizi yakafuata. Mwaka 1749 George Lavington, askofu wa Exeter, alianza kutoa kitabu cha kuwasuta Wamethodisti, neno enthusiasm likiwa kwenye jina lake. Wesley naye hakulikumbatia neno. Alitoa mahubiri ya kulikana na kueleza kwamba wenye ugonjwa huo ni wengine. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake maarufu mwaka 1755, maana ya kwanza aliyoipa enthusiasm ilikuwa imani ya bure kwamba Mungu amekufunulia jambo wewe binafsi.

Mabishano hayo yalifika pia kwetu. Mwaka 1862 Wamethodisti walifungua misheni Ribe, karibu na Mombasa. Na katika miaka ya 1930, Uamsho uliochipuka Gahini nchini Rwanda ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, waliookoka wakitubu hadharani na kuimba. Viongozi wa kanisa waligawanyika: wengine waliona uhai mpya, wengine waliona vurugu. Mwaka 1941 kundi la wanafunzi wa uchungaji lilifukuzwa katika chuo cha Mukono, Uganda. Lugha zilikuwa nyingine, lakini hofu ilikuwa ileile ya maaskofu wa enzi za Wesley: nani atamtawala mtu anayesema amewashwa na Mungu mwenyewe?

Tusi linageuka sifa

Maneno hubadilika watu wanapobadili wanachokiogopa. Kufikia mwisho wa karne ya 18, vita vya dini Uingereza vilikuwa hadithi za mababu. Kizazi kipya cha washairi kiliona hatari kwingine: kwenye maisha ya hesabu tupu, yasiyo na mtetemo wa moyo. Kwao mtu aliyewaka alikuwa afadhali kuliko mtu aliyepoa.

Mwandishi Germaine de Staël alimalizia kitabu chake kuhusu Ujerumani kwa sura za kuisifu enthusiasm. Polisi wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, waliziharibu nakala zake mwaka 1810. Kitabu kikaja kuchapishwa London mwaka 1813. Mtawala huyo hakukosea kunusa hatari, maana watu wenye moto wao wenyewe hawasubiri kuwashiwa na serikali. Mwaka 1841 Mmarekani Ralph Waldo Emerson aliandika kwamba mambo makubwa hayajawahi kufanyika bila hali hiyo. Neno likawa limesafishwa.

Kilichobaki ni kuliingiza sokoni, na kazi hiyo ilifanywa Marekani. Frank Bettger, mchezaji wa zamani wa besiboli aliyegeuka kuwa muuzaji wa bima, alitoa mwaka 1947 kitabu cha kuwafundisha wauzaji kazi yao, na somo lake la kwanza lilikuwa enthusiasm. Mchungaji Norman Vincent Peale alifuata mwaka 1967 na kitabu chenye neno hilo kwenye jina lake. Kutoka hapo liliingia kwenye semina za mauzo, kwenye wasifu wa waombaji kazi, na mwisho kwenye tangazo la ajira.

Biblia za Kiingereza zinatuonyesha umbali wa safari hiyo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 9, Paulo anausifu moyo wa kutoa wa Wakorintho. Tafsiri ya King James ya mwaka 1611 inauita "zeal". Tafsiri ya kisasa ya NIV, mahali hapohapo, inasema "enthusiasm". Neno ambalo maaskofu walilitumia kuwasuta wahubiri sasa limo kinywani mwa mtume.

*Kwa ufupi:* maana ya leo imetawala kwa kama miaka 200 tu. Ukikutana na neno hili kwenye maandishi ya Kiingereza ya karne ya 17 au ya 18, usilisome kama sifa mpaka uhakikishe.

Jinsi ya kulitumia leo

Matamshi kwanza. Silabi ya pili ndiyo yenye mkazo, na "th" yake ni ile ya thelathini, si ya dhahabu. Baada ya hapo, mambo matano yanatosha.

1. *Kwa kawaida halihesabiki.* Mtu ana enthusiasm nyingi au kidogo. Ukiona wingi wake, "enthusiasms", maana imehama: sasa ni mambo ambayo mtu anayapenda na kuyafuatilia, kama vile kupiga picha au kukusanya stempu.

2. *Linadai jambo.* Nomino hufuatwa na "for": enthusiasm for teaching ni moyo wa kufundisha. Kivumishi "enthusiastic" hufuatwa na "about". Ukisema tu kwamba una enthusiasm, bila kutaja ya nini, Mwingereza anabaki akisubiri sentensi iishe.

3. *Mtu anaitwa "enthusiast".* Huyu ni mpenzi wa jambo, anayelijua kwa undani bila kulipwa: mpenzi wa magari ya zamani, wa ndege, wa treni. Ni neno la heshima, ingawa lina utani kidogo ndani yake.

4. *Kitenzi "enthuse" kina wapinzani.* Kilizaliwa katika karne ya 19 kwa kuikata nomino, na hadi leo wapo wahariri wanaokikwepa. Kwenye barua rasmi, kiache.

5. *Ukanushi wake ni adabu.* Mwingereza akikuandikia kwamba wakubwa wake "were not enthusiastic" kuhusu pendekezo lako, usisubiri wapate moto. Wamekataa. Mswahili naye ana lugha hiyohiyo anaposema "tutaangalia" huku anafunga faili.

Na barua ya maombi je? Kanuni ya pili ndiyo ufunguo. Mwombaji anayeandika kwamba yeye ni "enthusiastic" ameandika walichoandika wenzake wote. Anayeandika kwamba tangu yuko shuleni amekuwa akifungua na kutengeneza simu za majirani, na sasa anaomba kazi kwenye duka la simu, ametaja jambo na ameonyesha moto bila kuutangaza. Mwajiri atalitia neno mwenyewe.

Ndugu wanaochanganywa

Wanafunzi wengi hulichanganya enthusiasm na maneno yaliyo karibu nalo. Tumchukue shabiki mmoja wa Simba au Yanga, tumfuate msimu mzima.

Wiki moja kabla ya mechi ya watani anataka siku ifike, amekwisha nunua tiketi, anauliza kikosi. Hapo ni "eager": ana hamu ya jambo kuanza. Siku ya mechi, uwanja umejaa na vuvuzela zinalia, mwili unamsisimka. Ni "excited". Msisimko huu una saa zake. Mechi ikiisha nao umekwisha. Penalti inapopigwa dakika ya 90 anafumba macho. Ni "anxious", yaani ana kimuhemuhe. Neno hili lina mtego, kwa sababu Waingereza hulitumia pia kwa hamu ya kawaida, lakini kivuli cha wasiwasi hakikosi. Akirusha chupa uwanjani kwa sababu mwamuzi amekataa bao, amefika kwenye "fanatic".

Enthusiasm ni kile kinachomrudisha uwanjani wiki inayofuata, timu ikiwa imefungwa, mvua ikinyesha. Inaweza kuwa na vilele vya msisimko, lakini uhai wake ni mrefu kuliko vilele hivyo.

Maneno mengine matatu yanahitaji mstari mmoja mmoja. "Keen" ni enthusiasm yenye sauti ya chini, na Waingereza hulipenda kuliko Wamarekani. "Zealous" ni bidii iliyokolea, mara nyingi ya dini au siasa, nayo huonyesha shaka ya msemaji. "Passionate" ni mapenzi ya kina kwa jambo, ila limetumika mno kwenye maombi ya kazi hadi limechakaa.

Na onyo moja la kisarufi ambalo walimu hawachoki kulirudia: "I am excited" ni kusema nimesisimka, "I am exciting" ni kujisifu kwamba mimi nasisimua watu.

Kiswahili kiweke neno gani?

Mfasiri anayetaka neno moja la Kiswahili litakalofaa kila mahali atakwama. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na kila moja linajibu swali tofauti: moto umetoka wapi, na unaelekea wapi?

- *Kwenye tangazo la kazi:* ari, au moyo wa kazi. Ari inakaa ndani ya mtu na kumpeleka kwenye kutenda.
- *Kwenye kampeni, uwanjani au kwenye mkutano wa kijiji:* hamasa. Kwa Kiarabu neno hili lilikuwa la ushujaa wa vitani. Kwetu limezaa kuhamasisha na mhamasishaji, ishara kwamba hamasa aghalabu hutiwa na mwingine.
- *Kwa jambo linalongojewa:* shauku. Mtu huwa na shauku ya kukutana na ndugu aliyeko Muscat. Wakishakutana, shauku imetimia.
- *Kwa mpenzi wa jambo fulani:* mpenzi au shabiki, kulingana na jambo lenyewe. Mpira una mashabiki, taarabu ina wapenzi.
- *Kwa umati uliopoteza mipaka kwa furaha:* walipagawa, walipandwa na mdadi.
- *Kwa maandishi ya zamani ya Kiingereza:* jazba ya dini. Hapa jazba inafaa kabisa, kwa kuwa nayo imebeba ibada na shaka pamoja.
- *Kwa kukosekana kwake:* shingo upande. Aliyekubali shingo upande amekubali bila enthusiasm, na msomaji anaiona picha hapohapo.

Jihadhari na mawili. Kiherehere si enthusiasm, ni kujipeleka mbele kwenye jambo ambalo hukuitwa. Na pupa ni hamu iliyokosa subira. Wahenga walikwisha sema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Moto si ushahidi

Tumrudie Locke kwa dakika moja, kwa sababu swali lake lina kazi hata leo, mbali na makanisa ya karne ya 17.

Fikiria ukumbi wa hoteli mjini, Jumamosi asubuhi. Muziki uko juu. Mtu aliyevaa suti anasimulia jinsi alivyokuwa hana kitu na jinsi fursa hii ilivyombadilisha. Watu wanasimama, wanapiga makofi, jirani anamshika jirani mkono. Sumaku ya Plato inafanya kazi barabara: pete moja inavuta nyingine mpaka mlangoni, penye meza ya kulipia kiingilio cha uanachama. Huenda biashara ni halali. Huenda ni utapeli. Joto la ukumbi haliwezi kukuambia ni ipi, maana matapeli nao huwaka, na wengine wao wanaamini kwa dhati wanachokisema.

Hali ni hiyohiyo kwenye mkutano wa siasa, kwenye semina ya kilimo cha zao jipya, na ndani ya kichwa cha mtu aliyepata wazo la biashara saa nane za usiku. Kabla ya kufuata moto, wako au wa mwingine, uliza mambo matatu:

1. *Nikiondoa sauti, muziki na machozi, kinabaki nini?* Kikibaki kitu kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi na kuhesabiwa, endelea.
2. *Mwenye moto huu atakubali kuulizwa?* Mpenzi wa kweli wa jambo hufurahia maswali, kwa sababu yanampa nafasi ya kulizungumza zaidi. Anayekasirikia swali analinda kitu.
3. *Moto huu utakuwepo baada ya mwezi?* Kiswahili kina jina la ule usiokuwepo: nguvu ya soda. Chupa ikifunguliwa povu hupanda hadi mdomoni, na baada ya muda mfupi ni maji ya sukari.

Maswali hayo hayapingi msisimko. Mwalimu asiye na moto hafundishi, na timu isiyo na ari imefungwa kabla ya mpira kuanza. Yanautenga tu moto na ukweli, vitu viwili ambavyo watu wameendelea kuvichanganya tangu siku za Delphi.

Muhtasari wa sura

- Enthusiasm ni hamu yenye furaha, inayoelekea kwenye jambo maalumu, na inayoonekana.
- Asili yake ni Kigiriki, mungu ndani ya mtu. Kiswahili kina picha hiyohiyo kwenye kupagawa, mzuka, mdadi na jazba.
- Katika karne ya 17 na ya 18 lilikuwa tusi la kidini. Lilianza kuwa sifa mwanzoni mwa karne ya 19.
- Kwa matumizi ya leo, taja jambo kwa "for" au "about", na acha matendo yaonyeshe moto.
- Kwa tafsiri, chagua kwa hali: ari ya kazi, hamasa ya umati, shauku ya kungoja, jazba ya dini.
- Enthusiasm inakuonyesha mtu anasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Kama anasukumwa kwenye njia sahihi, hilo ni swali jingine, na hujibiwa kwa ushahidi mwingine.